Namna ya kupata msaada wa ofisi baada ya saa za kazi: mwongozo kwa madereva wa malori wa njia za Tabora na Kigoma

Madereva wanaoanza kupita njia za Tabora na Kigoma huuliza maswali yaleyale kila mara: nimpigie nani gari likiharibika saa 4 usiku, nieleze nini, nani atamlipa fundi, na nifanye nini mahali pasipo mtandao. Nimefanya kazi upande wa kuzipokea simu hizo za usiku. Dereva anayefikiwa na fundi kabla ya alfajiri hutofautiana na yule anayelala porini hadi jua litoke kwa mambo mawili zaidi ya yote: makubaliano aliyofanya na ofisi kabla hajatoka getini, na ujumbe wa kwanza anaoutuma baada ya gari kusimama.

Mchana ofisi ina watu wa spea, wa fedha, wa karakana na mkuu wa usafiri. Usiku hubaki mtu mmoja, mratibu wa zamu, ambaye madereva wengi humwita mtu wa operesheni. Mara nyingi anakaa Dar es Salaam, hajawahi kufika Nguruka wala Chaya, na anahudumia magari yaliyotawanyika kuanzia Tunduma hadi Rusumo. Mamlaka yake ya kutumia fedha ni madogo. Unachotakiwa kufanya ni kumpa kila anachohitaji ili aamue haraka ndani ya mamlaka aliyo nayo, au amwamshe mkubwa wake akiwa na maelezo yaliyokamilika.

Mwongozo huu unahusu hasa barabara ya Manyoni, Itigi, Chaya, Nyahua hadi Tabora. Ile ya Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma. Na njia zinazochepuka kwenda Nzega, Mpanda kupitia Sikonge, na Kasulu hadi Kibondo.

Unachohitaji kabla ya kuanza safari

- Namba za simu za watu watatu: mratibu wa zamu ya usiku, mkuu wa usafiri, na fundi au msimamizi wa karakana. Ziandike kwenye karatasi ngumu na uibandike ndani ya kibini, kwa sababu simu ikizima huzima na majina yote.
- Laini mbili za kampuni tofauti za simu, zote zikiwa na salio la kupiga na la ujumbe. Kifurushi cha intaneti peke yake hakitoshi.
- Chaja ya gari inayofanya kazi na pawabenki iliyojaa.
- Karatasi yenye namba ya kichwa (sehemu ya mbele yenye injini na kibini), namba ya tela, namba ya chesesi, aina ya injini na saizi ya matairi kama ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 315/80 R22.5. Wengi hudhani saizi ya kichwa na ya tela ni moja, na tairi lisilofaa husafirishwa kilometa 100 bure.
- Picha za hati za mzigo, bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA na leseni yako ya udereva.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, koti la kuakisi, tochi, kabari za magurudumu, mtungi wa kuzimia moto, jeki inayoweza kuinua gari likiwa na mzigo, na spana ya nati za magurudumu.
- Maji na chakula cha kuwatosha wewe na utingo usiku mzima. Ukisimama kati ya Itigi na Nyahua usiku, usitegemee kuona duka lililo wazi.

Hatua ya 1. Pata majibu ya ofisi kabla ya kutoka getini

Hatua hii hurukwa kuliko nyingine zote, nami naipa uzito wa kwanza. Ukiwa bado yadi, na watu wote wa ofisi wakiwa macho, muulize mkuu wa usafiri mambo haya na uyaandike: nani yuko zamu leo usiku na kesho usiku, zamu inaanza na kwisha saa ngapi, mratibu anaruhusiwa kuidhinisha matumizi ya shilingi ngapi bila kumwamsha mtu, juu ya kiasi hicho nani huamua, ofisi ina makubaliano na mafundi gani wa Tabora, Nzega, Kahama, Kasulu na Kigoma, na nikiwa sipatikani, ofisi itasubiri kwa muda gani kabla ya kuanza kunitafuta.

Swali la fedha huwafanya madereva wapya waone haya, kana kwamba wanapanga kula pesa za ofisi. Uliza bila haya. Mratibu asiyejua mipaka yake huogopa, na mtu anayeogopa saa 8 usiku hujibu "subiri asubuhi" hata kwa jambo la kuziba pancha.

Hatua ya 2. Toa taarifa kabla ya kuingia porini

Usingoje tatizo ndipo utafute ofisi. Unapofika mji wa mwisho wenye mtandao wa uhakika kabla ya pori, simama pembeni, kagua matairi na upepo wa breki, kisha tuma ujumbe unaotaja mahali ulipo, saa unayoondoka, mahali unapotarajia kufika, saa ya kufika, na saa ambayo ofisi ianze kukutafuta. Kwa anayetoka Manyoni, mahali hapo ni Itigi. Kwa anayetoka Tabora kwenda Kigoma ni Kaliua, na kwa anayetoka Kigoma ni Uvinza. Anayeelekea Mpanda afanye hivyo Sikonge.

Mfano: "Natoka Itigi saa 12:30 jioni. Natarajia Tabora saa 5:30 usiku. Nisiposikika hadi saa 7:00 usiku, anza kunitafuta."

Saa hiyo ya kutafutwa ina thamani kubwa kwa sababu inampa mratibu jambo la kufanya hata kama wewe huna mtandao. Kutoka Manyoni hadi Tabora ni takribani kilometa 260, na ingawa barabara hiyo sasa ina lami, vijiji viko mbalimbali na usiku magari si mengi. Bila makubaliano hayo, ukimya wako utachukuliwa kuwa umelala njiani.

Onyo: usiseme "wananiona kwenye kompyuta." Kifaa cha kufuatilia gari hutuma taarifa zake kwa mtandao uleule wa simu, kwa hiyo pasipo na mtandao ofisi huona mahali pa mwisho ulipokuwa. Hata panapo mtandao, kifaa huonyesha kwamba gari limesimama, lakini hakielezi kama unakula, umelala au umegonga ng'ombe.

Hatua ya 3. Gari likisimama, linda watu kwanza

Litoe gari nje ya lami kadiri linavyoweza kwenda, washa taa za hatari, funga breki ya mkono na uweke kabari. Weka pembetatu moja nyuma na nyingine mbele, umbali usiopungua mita 50. Gari likiwa limesimama karibu na kona au nyuma ya kilima, peleka pembetatu kabla ya kona hiyo ili anayekuja aione angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Vaa koti la kuakisi kabla ya kushuka.

Wengi huongezea matawi ya miti na mawe barabarani. Matawi yanasaidia, ila mawe yasiwekwe kwenye njia ya magari, na chochote ulichokiweka ukiondoe wewe mwenyewe utakapoondoka. Jiwe lililoachwa gizani linaweza kumuua mwendesha bodaboda aliyebeba mgonjwa kumpeleka zahanati.

Kama kuna mtu aliyeumia, piga 112 kwa polisi. Kama kuna moto, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ofisi ifuate baada ya hapo.

Kwa anayebeba mafuta, sheria ni kali zaidi. Lori likipinduka au tanki likivuja, zima injini, usivute sigara, usiwashe kiberiti, na uwazuie watu wasisogee na madumu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota mafuta, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ukiona watu wanakusanyika na madumu, ondoka karibu na gari, wapigie kelele waondoke, na uite polisi. 

Hatua ya 4. Chunguza tatizo kwa dakika kumi

Mratibu hawezi kumtuma fundi kwa maelezo ya "gari limegoma." Kabla ya kupiga, angalia geji zote na taa zilizowaka kwenye dashibodi, kisha uzipige picha. Zunguka gari na tochi. Sikiliza. Kama upepo wa breki umeshuka, tafuta mahali panapovuma, kwa kuwa upepo ukishuka sana breki za springi hujifunga zenyewe na gari halisogei. Eleza kama uvujaji uko kwenye kichwa, kwenye mipira inayounganisha tela, au kwenye busta ya gurudumu fulani. Kama injini imechemsha, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto, maana maji yake huruka na kuunguza uso. Subiri ipoe, kisha tazama kama maji yamepungua, mpira umepasuka au mkanda wa feni umekatika. Kama ni tairi, taja lipo ekseli ya ngapi, kulia au kushoto, la ndani au la nje, na kama rimu, stadi na hubu ni nzima. Hubu yenye joto kali kuliko nyingine huashiria beringi au breki iliyoshika, na fundi aliyeambiwa hivyo atakuja na vifaa tofauti kabisa na yule aliyeambiwa "tairi."

Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa kuchungulia.

Hatua ya 5. Tambua mahali ulipo kwa namna ambayo mgeni ataelewa

Mratibu wa Dar es Salaam akisikia "niko Usinge" kwenye simu inayokatika, anaweza kuandika Usoke. Usoke, Usinge, Urambo na Uvinza huchanganywa mara kwa mara na mtu asiyeijua njia hii. Kwa hiyo taja mambo matatu kwa pamoja: mji mkubwa uliopita na umbali wake, mji ulioko mbele, na alama inayoonekana. "Nimepita Kaliua kama kilometa 20, naelekea Uvinza, sijafika Nguruka" ni maelezo ambayo hata mtu aliyefungua ramani kwa mara ya kwanza atayafuata. Ukiwa upande wa Kigoma, Kidahwe ni alama nzuri sana, kwa sababu ndipo njia ya Kasulu na ile ya Uvinza zinapokutana, na fundi anayetoka mjini Kigoma ni lazima aambiwe ashike ipi.

Kisha ongeza namba za mahali kutoka kwenye simu. Fungua ramani, washa huduma ya mahali, bonyeza na ushikilie juu ya alama yako, nakili namba zinazotokea na uzitume kwa ujumbe wa kawaida. Simu huweza kupata namba hizo kwa setilaiti hata pasipo intaneti, mradi upo nje na mbingu iko wazi. Jikague kabla ya kutuma: kati ya Kigoma na Itigi namba ya kwanza huanzia -4 hadi -5 na kitu, na ya pili huwa kati ya 29 na 34 na kitu. Tabora mjini ni karibu -5.02 na 32.80, Kigoma mjini ni karibu -4.88 na 29.63. Ukiona namba ya pili ni 39, simu inakuonyesha mahali pa zamani ulipokuwa Dar es Salaam.

Hatua ya 6. Andika ujumbe kwanza, kisha piga simu

Ujumbe mfupi wa kawaida hupenya mahali ambapo sauti inakatika, na hubaki kama kumbukumbu ambayo mratibu anaweza kumpelekea fundi moja kwa moja. Uandike hivi:

"Habari za usiku kaka. Ni dereva wa T 000 AAA, tela T 000 ZZZ. Nimesimama saa 3:40 usiku. Nimepita Kaliua km 20, naelekea Uvinza, sijafika Nguruka, upande wa kushoto. Mzigo ni saruji ya Kigoma. Tairi la tela limepasuka, ekseli ya pili, kulia, la nje. Rimu nzima. Spea haina upepo. Mimi na utingo ni wazima. Gari liko nusu nje ya lami, pembetatu zimewekwa. Nahitaji tairi 315/80 R22.5 na mtu wa kulifunga. Chaji yangu asilimia 60. Namba ya utingo ni hii."

Andika neno usiku, alfajiri au asubuhi baada ya saa, kila mara. Mifumo ya ofisi huandika 21:40 pale unaposema saa 3:40 usiku, na mratibu aliyechoka anaweza kusoma "saa 3:40" bila neno la usiku akadhani ni taarifa ya asubuhi. Kama unapeleka mzigo Burundi kupitia Manyovu, au mpokeaji yuko Kalemie ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kumbuka kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Karibu na mpaka simu inaweza kunasa mnara wa upande wa pili ikabadili saa yenyewe na kukata salio kwa viwango vya nje.

Baada ya kutuma, piga. Usitume ujumbe ukalala ukidhani umesomwa. Asipopokea, rudia baada ya dakika tano. Baada ya mara tatu mpigie mkuu wa usafiri, na umweleze kwamba umeshamtafuta wa zamu. Kumruka wa zamu bila kumjaribu huleta uhasama usio na faida, lakini kukaa kimya saa nzima kwa kumwogopa mkuu ni kosa kubwa zaidi.

Hatua ya 7. Usikate simu kabla ya kupata majibu manne

Pata jina la anayeongea nawe, uamuzi wake, jina na namba ya fundi au gari litakalokuja, na saa ya simu inayofuata. Kisha rudia uliyosikia kwa sauti: "Kwa hiyo kaka, fundi anatoka Urambo saa 5 usiku, ana tairi, na wewe utanipigia saa 6." Uliza fundi anatoka mji gani hasa, kwani "yuko njiani" huweza kumaanisha bado yumo kitandani mjini Tabora.

Mratibu akikasirika kwa kuamshwa, mjibu kwa upole na urudi kwenye jambo. Zamu yake ni kwa ajili yako, na hasira za dakika mbili hazibadilishi chochote kwenye tairi.

Hatua ya 8. Pata idhini ya fedha kwa maandishi

Usikubaliane bei na fundi kabla ya ofisi kujua. Uliza bei ya kazi, ya spea na ya usafiri wa fundi kwa kila moja peke yake, itume kwa mratibu, na usubiri ajibu kwa maandishi kwamba ameikubali. Neno la mdomo la usiku husahaulika ifikapo saa 2 asubuhi, wakati mtu wa fedha anapokata kiasi hicho kwenye mileji yako, yaani posho yako ya safari.

Malipo mengi ya usiku hupita kwenye simu. Mratibu atakupigia kuhakikisha kabla ya kutuma, na ana haki, kwa maana ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni mtego wa matapeli unaojulikana nchi nzima. Mpe namba ya fundi pamoja na jina lililosajiliwa, ili alilinganishe na lile linaloonekana kabla ya kuthibitisha. Mimi hupendelea ofisi imlipe fundi moja kwa moja, sehemu ndogo ya nauli kwanza na inayobaki gari likishatembea.

Hatua ya 9. Subiri kwa mpango

Baki karibu na gari, na wewe na utingo mlale kwa zamu, kwa kuwa dizeli na betri huibiwa gari likiwa limesimama usiku. Zima simu moja kulinda chaji. Tuma ujumbe mfupi kila saa mliyokubaliana, hata kama hakuna jipya. Kiangazi ukiona moto wa nyasi, safisha majani makavu kuzunguka magurudumu. Masika, kati ya Novemba na Aprili, angalia kama upande wa barabara uliosimamia unatitia, na mjulishe mratibu mapema kwamba huenda likahitajika gari la kuvuta pamoja na fundi.

Fundi akifika, mtake aseme jina lake na la aliyemtuma kabla hajagusa chochote. Piga picha ya kifaa kilichoharibika kikiwa bado mahali pake, na kipya kikishafungwa. Cha zamani kihifadhi kwenye boksi la vifaa upeleke ofisini. Baada ya kufunga tairi, simama tena mbele kidogo ukaze nati upya.

Mzigo wenye lakiri ya TRA

Kwa mzigo unaopita kwenda Burundi au Kongo, mambo hubadilika. Usikate lakiri, yaani sili ya forodha, usifungue turubai iliyofungwa chini ya lakiri, na usifaulishe mzigo kwenda gari lingine kwa agizo la simu tu, hata kama aliyeagiza ni mwenye gari. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mzigo huo uko chini ya usimamizi wa forodha, na kuufaulisha kunahitaji ruhusa ya ofisa wa forodha. Mweleze mratibu kwa maneno hayohayo, "mzigo una lakiri," katika sentensi ya kwanza, ili awatafute wakala wa forodha na TRA. Lakiri ikiharibika kwa ajali, toa taarifa polisi usiku huohuo na upate kumbukumbu ya maandishi.

Ofisi ikipata ruhusa ya kufaulisha, kumbuka pia mizani. Kikomo cha uzito wa jumla ni tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Mzigo uliokuwa halali kwenye tela yako unaweza kuzidi kwenye tela nyingine yenye ekseli chache.

Mambo yakikwama

*Hakuna mtandao kabisa.* Usiache gari usiku kutafuta mnara kwa miguu. Jaribu laini ya pili na panda mahali palipoinuka palipo karibu. Andika ujumbe ule ule wa Hatua ya 6 kwenye karatasi mbili, pamoja na namba za ofisi, na uwape madereva wa malori au mabasi yanayokwenda pande zote mbili. Dereva wa basi atafika kwenye mtandao kabla ya wengine, na madereva husaidiana katika jambo hili bila kujali kampuni.

*Mratibu amesema usubiri asubuhi.* Uliza sababu. Kama ni kwamba hakuna fundi anayekubali kusafiri usiku, hiyo ni sababu ya kweli, hasa kwenye mapori ya Kasulu na Kibondo au ya Koga. Kama ni fedha, mwombe amwamshe mwenye mamlaka. Kwa vyovyote, mweleze hatari iliyopo: gari liko ndani ya njia, mzigo ni mafuta, au mzigo ni samaki wa Kigoma wanaotegemea barafu. Ombi lenye hatari iliyotajwa hushughulikiwa kwa namna nyingine.

*Gari limezuiwa na polisi au kwenye mizani.* Pokea hati kwa utulivu, ipige picha yote hadi pembeni, itume, na uulize jina la kituo. Mratibu anahitaji namba ya hati, uzito ulioandikwa na ekseli iliyozidi. Usianze kuhamisha magunia kwa ushauri wa vijana wa pembeni.

*Mpokeaji hapokei mzigo usiku.* Jambo hili hutokea sana Tabora na Kigoma mjini, ambako maghala mengi hufungwa jioni. Mjulishe mratibu saa uliyofika, piga picha ya geti, na umwombe akuelekeze yadi yenye ulinzi. Saa hiyo ya kufika ndiyo itakayotumika kudai malipo ya kusubiri.

*Unaumwa.* Homa ya malaria huanza kidogo na kupanda haraka. Simamisha gari, mwambie mratibu waziwazi kwamba huwezi kuendesha, na umwombe dereva wa kubadilishana. Usimwachie utingo asiye na leseni usukani, hata kwa kilometa tano za kufikia zahanati. Badala yake mkodie utingo bodaboda akuitie msaada.

*Mwenye gari ni mtu mmoja na hana zamu ya usiku.* Malori mengi ya Tabora yanayobeba tumbaku, mpunga na mbao ni ya namna hii. Kaa naye kabla ya safari mkubaliane mtu wa pili wa kupigiwa, awe ndugu yake au fundi anayemwamini, na amwachie mtu huyo kiasi kidogo cha fedha kwenye simu kwa ajili ya usiku. Mwombe asiizime simu yake usiku wote ambao gari liko njiani, na umtumie ujumbe wa kufika hata ikiwa ni saa 9 usiku, ili akiamka aone gari lake liko wapi.